Kuongea Ndiyo Kazi Rahisi

Nikimwambia mtu kwamba natengeneza kifaa cha kusomea cha wanafunzi wasioona, swali linalofuata huwa lilelile: "Kwani kinaongea?" Kinaongea, ndiyo. Siku hizi hata lifti inaongea. Yaliyotutoa jasho ni mengine kabisa, na mengi kati yake niliambiwa na wanafunzi, ingawa mimi mwenyewe sioni.

Nilipofuka kwa surua kabla sijaanza shule. Kwenye kitengo cha wasioona nilikosoma sikuwa peke yangu. Wapo waliopofuka kwa surua kama mimi, wapo walioharibikiwa macho kwa kukosa vitamini A, na wapo wenye ualbino waliokuwa na uoni hafifu tangu kuzaliwa. Ilikuwa shule mseto, tunakaa darasa moja na wanaoona, halafu mchana tunarudi kitengoni kwa mwalimu wetu. Nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, tulianza kwa kibao na kijichuma cha kutobolea, ambapo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto ili ukigeuza karatasi isomeke kushoto kwenda kulia. Baadaye ndipo tukapewa Perkins, ile mashine ya chuma iliyoanza kutoka Marekani mwaka 1951: vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, cha nafasi katikati, na kengele inayolia mstari ukikaribia mwisho. Wanafunzi kumi wakipiga Perkins kwa pamoja, mwalimu wa darasa la jirani analazimika kufunga madirisha.

Vitabu vilikuwepo, ila vichache. Kitabu kimoja cha chapa ya kawaida kikigeuzwa nukta nundu kinazaa majuzuu kadhaa manene, kwa sababu karatasi yake ni ngumu na ukurasa wake unabeba maneno machache. Juzuu la pili likipotea, darasa zima la wasioona linavuka kutoka mada ya tatu hadi ya saba.

Ndipo ikaja biashara ya wasomaji. Usiku, wakati wa prepo, mwanafunzi anayeona anakusomea kitabu chake, wewe unapiga Perkins. Malipo ni kipande cha sabuni au sukari kidogo. Msomaji mzuri aligombaniwa. Msomaji mbaya alikuwa anaruka: aya ikiwa ndefu anasema "hii haina maana," anaendelea mbele. Wangu alikuwa anasinzia. Mpaka leo ni rafiki yangu, tena amenisaidia mengi, ila Biolojia yangu ina mashimo yanayolingana na usingizi wake.

Kwa hiyo nilipomaliza chuo nilichokuwa nakitaka ni msomaji asiyesinzia, basi. Binamu yangu ni fundi simu. Nilimweleza, akaniuliza maswali mawili matatu, akaenda kununua kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, spika, betri na vile vitufe vya namba vinavyochomekwa pembeni ya kompyuta. Tukavifunga ndani ya boksi la plastiki la kuwekea swichi za umeme. Hicho ndicho kijisanduku chetu, na mpaka leo ndani hakijabadilika sana.

Kuna waliouliza kwa nini tusitengeneze programu ya simu tu, maana simu za Android zina kisoma skrini tayari, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo, na Kiswahili zinajua. Sababu ya kwanza ni kwamba wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu. Sababu ya pili ni vidole. Kioo cha simu ni laini kotekote. Ukikigusa bila kukusudia kimeshafanya jambo. Vitufe vinasubiri. Papasa kitufe cha 5 kwenye simu ya kitochi, utakuta kinundu. Ukikipata hicho, namba zote unajua ziko wapi, na hata mtoto wa darasa la kwanza hapotei.

Ajabu ni kwamba walipotea. Mtoto mmoja wa darasa la tano alikuwa anabonyeza anachodhani ni 2, sanduku linasema 8. Akarudia, ikawa vilevile. Mimi natumia kompyuta kila siku na sikuwa nimewahi kuliwaza hilo: kwenye simu mstari wa juu ni 1, 2, 3, lakini kwenye vitufe vya kompyuta mstari wa juu ni 7, 8, 9. Yule mtoto alijifunzia namba kwenye simu ya bibi yake. Usiku uleule binamu yangu akapindua mpangilio kwenye programu. Hatukuongeza hata shilingi moja, na kesho yake kelele za "dada, hii mbovu" ziliisha.

Kuhusu sauti, tulitumia eSpeak NG, programu ya bure inayosoma lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Ni sauti ya roboti, haina tabasamu. Binamu yangu haikumpendeza, na wageni wanaokuja kutazama kazi yetu huikunjia uso wote. Kila mmoja anashauri tuajiri mtangazaji wa redio arekodi vitabu kwa sauti nzuri. Wanafunzi je? Tuliwapa zote mbili, sura moja ya kitabu iliyosomwa na mtu na nyingine iliyosomwa na roboti. Wadogo walipenda ya mtu, hasa kwenye hadithi. Wa sekondari waliichoka mapema. Ya roboti unaweza kuiongeza kasi mara mbili, mara tatu, na kila herufi bado inasikika. Mtu anayejiandaa na mtihani hataki kubembelezwa. Ukipita bwenini usiku utasikia kijisanduku kinakimbia kasi ambayo anayeona anadhani kimeharibika, na mwenye nacho anatikisa kichwa, anaelewa kila neno.

Jambo lililonibadilisha mawazo zaidi lilitokea darasani, somo la Jiografia. Mwalimu aliingia akasema, "Fungueni ukurasa wa 47, kielelezo cha pili." Wanaoona wakafungua. Msichana mmoja wa kitengo alikuwa na kijisanduku chetu, na kitabu chenyewe kilikuwemo ndani, chote. Lakini kilikuwemo kama wimbo mmoja mrefu. Alisogeza mbele, akarudi nyuma, akasogeza tena. Alipofika karibu, mwalimu alikuwa ameshahamia ukurasa wa 49. Alizima sanduku, akafanya kama tulivyokuwa tunafanya sisi zamani: akamgusa jirani yake, akamwomba amsomee.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msomaji asiyesinzia hatoshi. Anayeona hasomi kitabu kwa kukisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho. Anaruka, anarudi, anatazama kichwa cha habari, anaangalia maswali kwanza ndipo asome mada. Kusoma ni kule kurukaruka. Tangu siku hiyo kazi yetu kubwa imekuwa kutia alama ndani ya vitabu: sura, vichwa vidogo, namba za kurasa zilezile za kitabu cha chapa, vielelezo, maswali. Bonyeza nyota, andika 47, upo. Hatukubuni sisi. Vitabu vya sauti vya mfumo wa DAISY vimefanya hivyo tangu miaka ya 1990. Ila mtu mwingine hawezi kukutilia alama vitabu vya shule zako. Unakaa chini unatia mwenyewe.

Na kutia alama ndiko kunakokula muda. Faili nyingi tunazopewa ni PDF, na nyingi kati ya hizo ni picha tu: mtu aliweka kitabu kwenye skana, akakihifadhi kikiwa kimepinda. Kwa macho ni kitabu. Kwa kompyuta ni picha moja kubwa isiyo na hata herufi. Inabidi upitishe kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, nayo ikikutana na ukurasa wenye safu mbili inasoma nusu sentensi ya safu ya kushoto na kuiunganisha na nusu ya kulia. Nimewahi kusikiliza ukurasa wa Historia ambao Wajerumani walikuwa wanapanda mihogo kwenye mdahalo wa wanafunzi. Jedwali ndiyo balaa zaidi. Lazima mtu anayeona alipitie, safu kwa safu, na mtu huyo analipwa.

Upande wa sheria hali si mbaya. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unataka nchi ziruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa, bila kwanza kumwomba mwenye hakimiliki, na Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Wengi tuliokutana nao shuleni hawakuwa wamewahi kuusikia. Lakini ruhusa ya kugeuza kitabu haikupi faili safi ya hicho kitabu, na hapo ndipo siku zetu nyingi zinapoishia.

Vielelezo navyo. Kitabu kinasema "Chunguza mchoro kisha jibu maswali," na sanduku linasema "picha." Tulianza kuandika maelezo ya picha kwa kushirikiana na walimu. Mwalimu wa kwanza, mtu mwenye bidii kweli, alielezea mchoro wa moyo wa binadamu kwa ukurasa mzima: rangi nyekundu, rangi ya bluu, mishale inayopinda. Wanafunzi walisikiliza kwa adabu. Kisha kijana mmoja akasema, "Mwalimu, damu inaingilia wapi?" Tukafuta rangi zote. Sasa maelezo yanaanza na swali ambalo mchoro unatakiwa kujibu: damu isiyo na oksijeni inaingia chumba cha juu kulia, inashuka chumba cha chini kulia, inakwenda mapafuni, inarudi chumba cha juu kushoto. Mistari michache. Ramani hatujaiweza bado kwa sauti. Ramani inataka vidole, kwa hiyo mwalimu wetu mmoja anazichora kwa uzi na gundi juu ya manila, na mpaka leo uzi na gundi vinalishinda sanduku letu.

Kuna wanaoamini kwamba sauti ikishapatikana, nukta nundu izikwe. Nimeambiwa hivyo kwenye mikutano, tena na watu wanaojua wanachokisema. Waende chumba cha mtihani. Karatasi ya mtihani wa taifa haiongei. Asiyeona anapewa ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu anapewa ya maandishi makubwa, na wanaongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Mtoto aliyelelewa na sauti peke yake, ambaye vidole vyake vimesahau, dakika hizo 10 zinamwishia kwenye swali la kwanza.

Halafu kuna tahajia. Kwa Kiswahili haina shida sana, maana unavyosikia ndivyo unavyoandika. Ila sekondari masomo yanahamia Kiingereza. Msichana wa kidato cha pili, mwenye akili kupita wengi darasani, tulimkalisha kwenye kompyuta ya kawaida aandike insha, akaandika "nolej." Alikuwa amelisikia neno knowledge mara nyingi, na kulitumia analitumia vizuri. Nilidhani kosa ni la kusikiliza tu. Nikamuuliza, mbona nukta nundu unaisoma vizuri? Akacheka. "Dada, kwenye nukta nundu hilo neno ni herufi k." Na ni kweli: nukta nundu ya Kiingereza iliyofupishwa inaandika neno hilo kwa k peke yake, na enough kwa alama moja yenye vinundu viwili tu. Alikuwa hajawahi kukutana na herufi zake zote, kwa sikio wala kwa kidole. Tukaweka kitufe cha 0: ukikishika, sanduku linakutajia neno la mwisho herufi kwa herufi. Ndicho kitufe kinachochakaa haraka kuliko vyote kwenye masanduku ya sekondari.

Fedha nayo ina somo lake. Anayetumia kifaa siye anayekilipia. Mwanafunzi hana kitu. Mzazi wake, mara nyingi, ni mkulima aliyeambiwa na jirani kwamba mtoto huyo asimpotezee muda. Mkuu wa shule ana bajeti yenye mafungu, na hakuna fungu linaloitwa kijisanduku. Vifaa vya nje, kama vile visomeo vya kielektroniki vinavyoinua nukta chini ya vidole, ni vizuri mno, ninavitamani, lakini kimoja ni mamia ya dola.

Tulisajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, tukapata TIN, namba ya mlipa kodi, tukaandika maombi ya mkopo wa halmashauri. Mikopo hiyo inatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mimi ni mwanamke, ni kijana, na nina ulemavu. Binamu yangu alinitania kwamba nikiomba kwa njia zote tatu nitamaliza hazina. Mwaka 2023 mikopo yote ikasitishwa nchi nzima kwa ajili ya kupangwa upya, na ilirejeshwa 2024. Katikati hapo tulikula nini?

Tulikula Perkins. Karibu kila shule tuliyokwenda kuonyesha kijisanduku, stoo ilikuwa na Perkins mbovu zimepangwa ukutani: springi imekatika, kitufe kimenata, vumbi limegandamana na mafuta ya zamani. Binamu yangu alifungua moja kwa udadisi, akaisafisha, ikaita kengele. Mkuu wa shule, mzee wa watu, akasema, "Mwanangu, hicho kijisanduku nitakifikiria. Ila hizi nane, unanitengenezea kwa kiasi gani?" Pesa ya ukarabati fungu lake lipo. Mpaka sasa sehemu kubwa ya mapato yetu ni ukarabati, na sioni aibu kulisema, ingawa ukiandika "tunatengeneza mashine za zamani" kwenye maombi ya ufadhili hawakujibu. Wafadhili wanapenda kipya. Wanapenda pia picha. Aliwahi kuja mgeni mmoja akamkalisha mtoto na kijisanduku, akamwambia atabasamu kama anayesikiliza kitu kizuri. Mtoto akatabasamu, picha ikapigwa, wageni wakaondoka. Sanduku lilikuwa halina chaji.

Siku hizi nikiwa nimechoka hujikumbusha habari za NVDA, kisoma skrini ninachotumia hata kuandika haya. Kilianzishwa mwaka 2006 Australia na vijana wasioona, Michael Curran na mwenzake James Teh, waliochoshwa na bei ya programu za aina hiyo, na wakakigawa bure. Mimi siwezi kugawa bure, plastiki na betri vina gharama. Lakini vitabu tunavyotia alama tunavigawa, na shule yenye kompyuta inaweza kuvitumia bila kununua sanduku letu kabisa. Mshauri mmoja wa biashara aliniambia hiyo ni kujiua. Labda. Vitabu vile vilitiwa alama na walimu na wanafunzi kwa mikono yao, sioni namna ya kuwauzia wao wenyewe.

Kazi iliyo mezani sasa ni Hisabati, somo ambalo wasioona wengi wanalikimbia, au wanakimbizwa nalo. Tatizo lenyewe ni hili. Sanduku likisoma "moja juu ya x jumlisha mbili," je, mbili iko chini ya mstari pamoja na x, au iko nje peke yake? Anayeona anatazama urefu wa mstari, amemaliza. Msikilizaji ana majibu mawili yaliyo sahihi kwa usawa, na kwenye mtihani ni moja tu linalopewa alama. Sema kwa Kiswahili, sema kwa Kiingereza, utata hautoki. Mwalimu wa somo hilo anataka tuweke mlio mfupi pale kilicho chini ya mstari kinapoanza na kinapoisha. Wanafunzi wa kidato cha tatu wameukataa mlio, wanasema unawapotezea namba waliyokuwa wameishika kichwani, wanataka sanduku liseme "fungua" na "funga." Wamebishana wiki nzima, mwalimu hajakubali. Binamu yangu ameweka vyote viwili, unabadilisha kwa kitufe cha 7, na mwezi ujao tutahesabu ni kipi kimebonyezwa zaidi.